Mama Subiri na Glaikoli Mbili

Ungempa mwanao kijiko cha maji ya kupozea mashine?

Usinikasirikie. Jibu lako nalijua. Hata wazazi waliozika watoto wao kwa sababu ya dawa ya homa iliyochafuliwa wangejibu hivyo hivyo, na jambo hilo limeshatokea duniani zaidi ya mara moja, katika zaidi ya nchi moja. Hakuna hata mmoja wao aliyekusudia. Walinunua chupa, wakapima kijiko, wakasema, "Meza, mwanangu, utapona." Kosa lilikuwa limefanyika mbali na kitanda cha mtoto, katika chumba chenye mapipa, mikononi mwa watu ambao pengine hawakuwa wabaya hata kidogo.

Ndiyo maana namwandika shangazi yangu. Magazeti yetu hujaa sifa za mkubwa aliyekata utepe mbele ya bomba la maji ambalo lilikuwa haki yetu tangu zamani, lakini mtu anayesimama kati ya pipa na kinywa cha mtoto hatumjui hata kwa sura. Mimi namjua. Ni mfupi, mnene kiasi, huvaa viatu vyeupe vya mpira na kuuvuta kidogo mguu wa kushoto. Kazini wanamwita Mama Subiri.

Jina hilo halikuanza kama sifa. Mtu akimwendea mbio na karatasi ya kusainiwa, humjibu neno moja tu, "Subiri," kisha hurudi kwenye alichokuwa anakipima. Mchanganyaji wa dawa, dada mmoja mwenye ulimi mrefu, alimwambia siku moja mbele ya watu: "Mama, wewe hata malaika wakija kukuchukua utawaambia wasubiri."

"Nitawaambia waonyeshe vitambulisho kwanza," shangazi alijibu, na hakuinua macho.

Kiwanda chenyewe, tukiite hivyo kwa heshima, ni vyumba vilivyopangana na ua wa saruji. Cha kwanza ni stoo ya sukari, chupa na mapipa. Kinachofuata kina matangi ya chuma yenye pangaboi za kukorogea, na mashine inayoyapoza matangi hayo, ambayo hunguruma kama mtu mwenye mafua. Kisha kuna chumba cha kujazia chupa, ambako wanawake hufunika nywele kwa kofia za wavu na kuongea kwa sauti kubwa ili kuishinda mikanda ya mashine. Mwisho kabisa ndipo ilipo maabara ya shangazi: sinki, mizani iliyofunikwa kitambaa, vyombo vya kioo, na kabati ambamo huweka chupa moja ya kila mkupuo, yaani dawa iliyochanganywa kwa mara moja, uliowahi kutoka pale. Chupa hizo haziuzwi wala hazitolewi zawadi. Ni mashahidi, anasema.

Mwenye kiwanda ni mdogo wa marehemu mume wake. Aliuza duka lake zima ili akianzishe, kisha akamfuata shangazi alikokuwa akifundisha kemia chuoni. "Shemeji," alimwambia, "mimi najua kuuza. Wewe uwe macho yangu." Shangazi akakubali kwa sharti moja: mzigo usiokuwa na sahihi yake usitoke getini. Walipeana mikono juu ya hilo.

Sasa nieleze kidogo kuhusu vitu viwili, maana bila hivyo huwezi kuiona kazi yake.

Paracetamol haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Ili iwe dawa ya maji ya kumezwa na mtoto, inahitaji kimiminika cha kuisaidia kuyeyuka, na kimojawapo ni propilini glaikoli. Ni kizito kidogo, hakina rangi, hakina harufu, kina utamu kwa mbali. Kimo kwenye dawa nyingi za maji, kimo kwenye mafuta ya kupaka na hata kwenye vyakula. Kwa kiasi kilichopimwa, mwili hukivunja na kukitoa, ingawa mtoto mchanga hapaswi kupewa kingi. Huyo ndiye wa kwanza.

Wa pili ni ethilini glaikoli. Naye ni mzito kidogo, hana rangi, hana harufu, ni mtamu. Kazi yake ni katika rejeta za magari na mashine za kupozea, ambako huzuia maji yasichemke upesi wala yasigande. Huko ni mfanyakazi hodari. Lakini akiingia tumboni, ini humgeuza kuwa asidi, na mojawapo ya asidi hizo hushikana na kalsiamu ya damu na kuwa chembe ngumu zenye ncha, zinazokwenda kukwama ndani ya figo. Mwanzoni mtu huonekana kama mlevi, hutapika. Halafu hupumua mbio. Halafu mkojo hukatika. Kwa mtoto, kidogo tu kinatosha.

Mara ya kwanza shangazi aliponifundisha hayo, aliniwekea glasi mbili kwenye sinki.

"Nusa."

"Hakuna kitu."

"Tikisa. Kipi ni dawa?"

Nilitikisa weee. Nikasema cha kulia.

"Umebahatisha," alisema. "Na mimi sitaki kiwanda cha kubahatisha. Majina yanafanana kwa sababu ni wa ukoo mmoja. Lakini, mwanangu, ukoo mmoja unaweza kutoa daktari na jambazi, na wote wakawa na pua ile ile."

Siku ninayotaka kuisimulia, nilikuwa nimempelekea miwani aliyoisahau juu ya meza ya chakula. Nilimkuta kwenye mapumziko ya chai uani, amekaa kwenye kreti pamoja na mchanganyaji. Mkupuo mpya wa dawa ya homa ulikuwa umekwisha kujazwa kwenye chupa. Lori lingeupeleka hospitali kesho yake asubuhi, na hospitali ilikuwa inaungoja kwa hamu: homa zilikuwa nyingi, rafu za wodi ya watoto zilikuwa zinakaribia kuwa tupu. Tena kiwanda kilikuwa kimeshachelewa mara moja, na mfamasia wa hospitali alikuwa amesema wazi kwamba wakichelewa tena atatafuta watu wengine. Kila mtu pale alijua kwamba bila hospitali hiyo, milango ingefungwa.

"Mama, mizani yako inazeeka," mchanganyaji alisema huku akipuliza chai. "Leo nimepima ile glaikoli kwa kilo, kilo zikatimia, lakini jagi halikufika mstari. Nikabaki nalichungulia kama mtu aliyepunjwa maziwa."

Shangazi alikuwa ameshanyanyua kikombe. Akakirudisha chini. "Halikufika kwa kiasi gani?"

"Kidole. Kidole na kitu."

"Na ukaendelea?"

"Si kilo zilitimia? Wewe mwenyewe hutuambia mizani ndiye mkubwa."

"Huwaambia pia kwamba mizani na jagi wakigombana, mniite niwaamue."

"Ulikuwa huna miwani, Mama. Nikaona nisikusumbue."

Shangazi alinyoosha mkono bila kunitazama, nikampa miwani yake, akaivaa na kuondoka. Chai aliiacha pale pale.

Kwanza aliijaribu mizani, kwa lita moja ya maji. Ikasoma kilo moja, sawasawa. Basi tatizo halikuwa mizani. Akachota kidogo kutoka kwenye pipa lililotumika asubuhi, akakimimina kwenye mrija mrefu wa kioo. Kando yake akaujaza mrija mwingine kwa propilini glaikoli safi aliyoiweka akiba kutoka mzigo uliotangulia. Mirija yote akaisimamisha kwenye beseni moja la maji ili joto lilingane. Kisha akachukua kijiti cha kioo chenye uzito wa risasi chini, kile kinachoelea kama boya, akakitumbukiza katika ile safi. Kikazama mpaka kwenye alama yake ya siku zote. Akakifuta, akakitia katika ile ya pipa. Kikasimama juu zaidi, shingo nje, kama mtu anayechungulia ukuta.

"Nini hicho?" nikamwuliza.

"Kimiminika kizito hukisukuma juu. Hii ni nzito kuliko inavyopaswa."

Wakati huo mkurugenzi, yaani shemeji yake, alikuwa ameshapata habari. Aliingia akiwa bado na simu mkononi.

"Shemeji, naambiwa umesimamisha ufungaji wa makatoni."

"Nimesimamisha."

"Kwa hicho kijiti? Hicho kijiti ni cha zamani kuliko ndoa yangu."

"Na kimekuwa mwaminifu kuliko waume wengi. Kiangalie kwenye hii safi. Kimesoma sawa. Hakiwezi kuwa kizima hapa na kibovu pale."

"Labda maji yameingia pipani."

"Maji ni mepesi. Yangekizamisha. Hiki kimepanda."

Si mjinga yule mtu, na sitaki umdharau. Akasema, "Sukari basi. Mtu amerudisha sukari iliyoyeyushwa humo."

"Hilo linawezekana," shangazi alikubali. "Kijiti kinaniambia kuna mgeni. Jina la mgeni hakilijui. Niitie mtu wa stoo."

Mtunza stoo ni mzee mpole anayetembea na funguo nyingi kiunoni, kiasi kwamba watoto wa mtaani humwita Kengele. Alisimama mlangoni, akaliangalia lile pipa lililosukumwa mpaka pale, kisha akatazama miguu yake.

"Hili pipa lilifunguliwa lini?" shangazi alimwuliza.

"Hili liliunganishwa juzi, Mama."

Hapo inabidi nieleze desturi ya pale, maana nadhani hata wao walikuwa hawaioni tena kama desturi. Mapipa matupu ni mali. Mtaa ule maji hutoka kwa zamu, na pipa la plastiki gumu lenye mfuniko wa kubana ni bora kuliko ndoo kumi. Kwa hiyo wafanyakazi walikuwa na zamu yao wenyewe: pipa likimalizika, aliyefikiwa na zamu hulibeba nyumbani. Na kwa kuwa mapipa hayamaliziki haraka kama watu wanavyotaka, ikazoeleka kwamba mabaki mawili ya kitu kimoja yakikutana stoo, humiminwa pamoja ili pipa moja liachiwe. Sukari kwa sukari, glaikoli kwa glaikoli. Aliyeianza ameshaondoka siku nyingi. Hakuna aliyeiona kuwa ni dhambi. Walidhani wanaokoa nafasi.

"Umeunganisha hili na lipi?"

"Na lile lililokuwa pembeni. Nusu ya pipa."

"Lile aliloacha fundi wa mashine ya kupoza?"

Zile funguo zililia kidogo. "Lilikuwa limeandikwa glaikoli, Mama. Na ndani ni maji yale yale meupe, mazito vile vile. Nikajua ni ile ile."

Mashine ya kupoza ilinguruma ng'ambo ya ukuta.

"Na pipa tupu liko wapi?" shangazi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nyumbani. Ilikuwa zamu yangu."

"Mmeshatia maji?"

"Maji yanafunguliwa leo jioni. Mke wangu amelitega chini ya bomba."

"Nenda kalilete. Usilioshe, usimpe jirani, usiseme litafaa kwa kufulia. Lilete hapa."

"Mama, hii zamu nimeingoja mwaka mzima."

"Najua, kaka yangu. Na wajukuu zako wanakungoja wewe. Nenda."

Akaenda mbio. Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia.

Mkurugenzi alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake na suruali yake nzuri. "Hatuna uhakika bado," alisema.

"Hatuna. Subiri."

Safari hii hakuna aliyecheka. Shangazi alitoa bamba dogo la kioo lililopakwa unga mweupe, akachora mstari kwa penseli karibu na ukingo wa chini, akadondosha juu yake matone madogo kwa sindano: la glaikoli safi, la kile kinachozunguka kwenye mashine ya kupoza, la pipa, na mwisho tone la dawa yenyewe kutoka kwenye chupa ya mkupuo ule. Akalisimamisha bamba kwenye mtungi wenye kimiminika kidogo chini, akafunika. Kimiminika kikaanza kupanda taratibu, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, kikibeba kila kitu kwa mwendo wake. Hapo ndipo ndugu wa ukoo mmoja huachana: mmoja huenda mbali, mwingine hubaki nyuma, hata kama majina yao yanafanana kiasi gani.

Kuna watu wasomi, nimekaa nao madarasani, wanaosema vipimo vya namna hii ni anasa ya nchi tajiri. Ningependa wangekuwepo pale. Bamba la kioo, unga, mtungi wenye mfuniko na mwanamke asiyeharakishwa: hiyo ndiyo anasa yenyewe. Nashindwa kuona ni mtoto gani tunayeweza kumwambia kwamba kwake ni ghali mno.

Wakati kimiminika kinapanda, shangazi alifungua kabati la mashahidi na kuchukua chupa za mikupuo iliyotangulia, akaziandalia bamba lingine. Zote zilikuja kuonekana safi. Kilichochafuliwa kilikuwa ni kile kilichokuwa bado ndani ya kuta zetu.

Lile bamba la kwanza alilichovya kwenye maji ya zambarau ya potasiamu pamanganeti, ile dawa wanayosafishia watu vidonda. Likawa zambarau lote, kisha madoa ya manjano yakaanza kujitokeza. Glaikoli safi: doa moja, juu. Ya mashine: doa moja, chini yake. Ya pipa: madoa mawili. Chini ya tone la dawa kulikuwa na madoa zaidi, kwa sababu dawa ina vitu vingi, lakini lile la chini lilikuwepo, limekaa sambamba na la mashine, wala halikujificha.

Mkurugenzi aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Ni kidogo, shemeji. Tazama lilivyofifia. Huenda kijiko kimoja hakina madhara."

"Naweza kukuambia kwamba ipo. Siwezi kukuambia ni mtoto yupi itamwacha na yupi itamchukua. Unaweza wewe?"

Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Nikiwaambia kesho hakuna mzigo, tumekwisha. Hao wanawake wa kwenye chupa unawajua mmoja mmoja."

"Nawajua. Wana watoto."

"Basi niseme mashine imeharibika. Wanipe wiki."

"Ukisema hivyo watakaa wanatungoja, na rafu ni tupu. Waambie ukweli leo hii, watafute dawa kwingine, watumie hata vidonge vya kusagwa. Na waambie kwa nini, ili nao wachungulie stoo zao. Sidhani kama sisi ndio pekee tunaomimina mabaki."

"Unaniua, shemeji."

"Mimi? Mimi nimekataa kusaini tu."

Alichukua ufunguo wa lori kwenye msumari wake ukutani, akautia mfukoni, akatoka bila kuaga. Mchanganyaji alikuwa amesimama kwenye korido muda wote ule, na machozi yalikuwa yamemlowesha mpaka shingoni. Shangazi alimpa kalamu nene nyekundu. "Kila katoni, msalaba pande zote. Ukimaliza ulie. Na ujue, usingetaja lile jagi, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Umeniponya."

Nyumbani jioni alikula kidogo, akasogeza sahani. Nilimwuliza jambo lililokuwa limenikaa kooni.

"Shangazi, kama atalipeleka lori?"

"Hospitali haipokei bila sahihi yangu."

"Sahihi yako hata mimi naweza kuiiga."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sijala." Alikuwa amempigia simu shemeji yake mara kadhaa, haikupokelewa. Simu ya mfamasia nayo ilikuwa imezimwa, na mlinzi wa hospitali alimwambia aje asubuhi ofisi ikifunguliwa. "Namfahamu tangu akiwa mwanafunzi, akinisaidia kubeba vikapu. Sitaki kuwa nimekosea kumhusu. Lakini sitakaa hapa kungoja nijue."

Asubuhi tulifika hospitali kabla madirisha ya dawa hayajafunguliwa. Shangazi alikuwa na bamba lake, amelifunga kwenye kitambaa safi, na chupa moja yenye msalaba mwekundu. Aliangalia kwanza upande wa kupakulia mizigo. Hakukuwa na lori. Lakini hilo halikumtuliza, maana saa ya lori kufika ilikuwa bado. Tukapita kwenye korido ya wodi ya watoto, ambako akina mama walikuwa wameketi sakafuni wamepakata watoto waliofunikwa kanga, na mmoja wao alikuwa akimpepea mwanawe kwa kipande cha katoni. Shangazi alipunguza mwendo hapo. Kisha tukakata kona.

Kwenye benchi nje ya ofisi ya mfamasia alikuwa ameketi mkurugenzi. Alivaa suti ile ile ya jana, imekunjamana, na mikononi hakuwa na kitu. Alimwona shemeji yake, akasogea ili ampe nafasi. Shangazi akakaa. Hawakusalimiana.

Mlango ulifunguliwa. Mfamasia, mwanamke kijana mwenye kalamu nywelani, alitoka na kuwatazama wote wawili, halafu akatazama nyuma yao, kwenye korido.

"Gari liko wapi?" aliuliza. "Tumewaandalia watu wa kupakua."

Mkurugenzi alisimama. "Gari haliji, dada," alisema. "Nimekuja mimi nikueleze kwa nini. Na huyu hapa ndiye atakayekuonyesha."

Shangazi alikuwa ameshaanza kufungua kitambaa.